Uthabiti, Usawazishaji au Upatanifu? Uhakiki wa Istilahi za Hifadhi ya Nakala katika Mtandao wa Kompyuta, kwa Mfano wa Kiriri, Bujumbura

Ikisiri

Makala haya yanahakiki istilahi tatu zinazotumika kueleza namna kompyuta kadhaa zilizounganishwa kwa mtandao zinavyotunza nakala za daftari moja bila nakala hizo kupingana. Istilahi hizo ni uthabiti, usawazishaji na upatanifu. Hoja kuu ni kwamba mbili za kwanza huficha uamuzi ambao si wa fundi peke yake: mawasiliano yakikatika, mfumo ukatae kutoa jibu au utoe jibu ambalo huenda limepitwa na wakati? Kwa kutumia mfano wa kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi na ule wa mpaka wa Kobero na Kabanga, makala yanaonesha kuwa Kiswahili tayari kina msamiati wa kuuweka uamuzi huo wazi, hasa maneno akidi na upatanifu. Yanahitimisha kwa kupendekeza maswali manne ambayo kila hati ya sera au mkataba wa mfumo wa data unapaswa kuyajibu.

Istilahi muhimu: nakala, akidi, upatanifu, mpasuko wa mtandao, sera ya lugha

1.0 Utangulizi

Kiriri ni mtaa wa mlimani unaoutazama mji wa Bujumbura na Ziwa Tanganyika. Hapo ipo mojawapo ya kampasi za Chuo Kikuu cha Burundi. Kampasi nyingine, ya Mutanga, imo mjini humohumo, na nyingine tena, ya Zege, iko Gitega, umbali wa takriban kilomita 100 kwa barabara. Tangu mwaka 2019 Gitega ndio mji mkuu wa kisiasa wa Burundi, na Bujumbura umebaki kuwa mji mkuu wa biashara. Kwa hiyo taasisi nyingi za nchi hiyo zinalazimika kuwa na ofisi huku na kule, na daftari lililokuwa moja huhitaji kusomwa na kuandikwa katika sehemu zaidi ya moja.

Hali hiyo si ya Burundi pekee. Mfumo wa taarifa za afya wa DHIS2, uliobuniwa kupitia Chuo Kikuu cha Oslo, hutumiwa na wizara za afya za nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Burundi ikiwemo. Programu yake ya simu humruhusu mhudumu kuandika taarifa akiwa nje ya mtandao na kuzituma baadaye. Eneo Moja la Forodha la Jumuiya ya Afrika Mashariki, lililoanza kutekelezwa mwaka 2014, linategemea ubadilishanaji wa kumbukumbu za mizigo kati ya mamlaka za mapato za nchi wanachama. Kila palipo na kumbukumbu moja katika kompyuta mbili au zaidi, huzuka swali lilelile: nakala hizi zinasema jambo moja?

Watafiti wa kompyuta wamelishughulikia swali hilo kwa zaidi ya miongo minne. Wataalamu wa Kiswahili wamelishughulikia kidogo, na aghalabu kwa njia ya kutafuta neno moja la kuziba pengo. Makala haya yanadai kwamba pengo la Kiswahili haliko katika neno. Liko katika upambanuzi. Na kwa kuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki imeridhia Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha zake rasmi, suala hili limetoka katika meza ya watunga kamusi na kuingia katika meza ya watunga mikataba.

2.0 Tatizo Lenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno, ni muhimu kulieleza tatizo kwa lugha nyepesi. Chukuliwe mfano wa kufikirika. Daftari la usajili wa wanafunzi lina nakala tatu: moja katika seva ya Kiriri, ya pili Mutanga na ya tatu Zege. Katika programu fulani ya masomo imebaki nafasi moja. Asubuhi moja kebo kati ya Bujumbura na Gitega inakatika. Karani wa Kiriri anampa mwanafunzi mmoja nafasi ile, na dakika chache baadaye karani wa Zege, ambaye nakala yake bado inaonesha kuwa nafasi ipo, anampa mwanafunzi mwingine.

Mhandisi ana njia mbili za msingi. Ya kwanza ni kumzuia karani wa Zege: mfumo unamwambia kwamba hauwezi kusajili mpaka mawasiliano yarudi. Hakuna nafasi itakayotolewa mara mbili, lakini ofisi ya Zege itasimama kwa muda usiojulikana. Njia ya pili ni kumruhusu aendelee. Ofisi haitasimama, lakini mawasiliano yatakaporudi kutakuwa na wanafunzi wawili na nafasi moja, na mmoja wao atapewa habari mbaya.

Hakuna njia ya tatu inayokwepa hasara zote mbili. Eric Brewer alilitoa dai hilo mwaka 2000, na Seth Gilbert na Nancy Lynch wakalithibitisha kihisabati mwaka 2002. Kwa ufupi, mtandao unapopasuka, mfumo hauwezi kuahidi kwa pamoja kwamba kila ombi litajibiwa na kwamba majibu yote yatakuwa kana kwamba daftari ni moja tu. Brewer mwenyewe alirejea suala hilo mwaka 2012 akisahihisha namna lilivyokuwa likifasiriwa. Alieleza kwamba uchaguzi huo haupaswi kuchukuliwa kuwa wa moja kwa moja na wa mfumo mzima. Mfumo mmoja unaweza kuchagua hivi kwa kumbukumbu za aina moja na vile kwa kumbukumbu za aina nyingine, tena pale tu mpasuko unapotokea.

Mipasuko nayo si jambo la nadharia. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini, na huduma za intaneti zikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Burundi haina pwani. Njia yake ya kufikia kebo za baharini hupita katika ardhi ya majirani, hivyo hatari ya kebo ya baharini huongezewa hatari ya kebo ya nchi kavu.

3.0 Uhakiki wa Istilahi

3.1 Uthabiti

Neno linalojitokeza mara kwa mara katika maandishi ya kitaalamu ya Kiswahili ni uthabiti. Asili yake ni Kiarabu, na katika matumizi ya kawaida mtu thabiti ni yule asiyeyumba: anashikilia neno lake, hapeperushwi na upepo. Hapo ndipo udhaifu wa istilahi hii unapoonekana. Uthabiti ni sifa ya kitu kimoja kikiwa peke yake. Nakala ya Kiriri inaweza kuwa thabiti kabisa, yaani haifutiki na haibadiliki ovyo, na nakala ya Zege nayo ikawa thabiti vivyo hivyo, ilhali zinapingana. Mashahidi wawili wasioyumba wanaweza kutoa ushahidi usiolingana.

Hati inayoahidi kwamba data zitakuwa na uthabiti inaweza basi kuwa ya kweli kwa maana moja na ya uongo kwa maana nyingine. Mfanyabiashara wa mfumo anaweza kukusudia kwamba data hazitapotea umeme ukikatika. Mshauri wa sera anaweza kuelewa kwamba ofisi zote zitaona kitu kimoja. Wote wawili watatia saini, na tofauti yao itajulikana siku ya tatizo. Inapendekezwa neno uthabiti libaki na kazi ambayo tayari linaifanya vizuri, yaani kueleza udumifu wa kumbukumbu iliyokwisha kuandikwa.

3.2 Usawazishaji

Neno la pili, usawazishaji, limeenea zaidi kwa sababu limo ndani ya simu za mamilioni ya watu. Kitenzi sawazisha hueleza tendo, na hiyo ni hatua mbele ya uthabiti, kwa kuwa angalau kinakiri kwamba nakala zilikuwa zimetofautiana. Lakini kinanyamaza kuhusu namna ya kuziondolea tofauti hiyo.

Katika soka, timu iliyosawazisha imeongeza bao. Hakuna bao lililofutwa. Katika ujenzi, kusawazisha kiwanja ni ama kufukia bonde ama kukata kichuguu, na aliyekuwa juu ya kichuguu hupoteza. Watumiaji wengi husikia maana ya kwanza, ilhali mifumo mingi hufanya ya pili. Kanuni iliyozoeleka ni kwamba aliyeandika mwisho ndiye anayebaki, na maandishi ya mwenzake hufutwa bila taarifa. Mhudumu wa zahanati anayeambiwa kwamba taarifa zake zimesawazishwa ana haki ya kujua kama zimeongezwa juu ya zile za wilaya au zimefutwa na hizo.

Iko pia mifumo inayosawazisha kwa kuongeza tu. Mwaka 2007 watafiti wa kampuni ya Amazon walieleza mfumo wao uitwao Dynamo, ambamo kapu la mnunuzi lilipaswa kukubali bidhaa wakati wowote hata mtandao ukiwa na hitilafu. Nakala mbili za kapu zikitofautiana, ziliunganishwa. Gharama yake, kama walivyokiri wenyewe, ni kwamba bidhaa aliyokwisha kuiondoa mnunuzi ingeweza kurudi kapuni. Kwa kapu la sokoni hilo ni kero ndogo. Kwa orodha ya wapigakura au ya wagonjwa waliofariki, ni jambo zito. Neno usawazishaji halimsaidii msomaji kuuliza ni aina ipi.

3.3 Upatanifu

Neno la tatu halijapata nafasi linayostahili. Upatanifu unatokana na kitenzi patana, chenye kiambishi cha kutendana, kwa hiyo hauwezi kusemwa kuhusu kitu kimoja. Nakala haipatani peke yake. Neno lenyewe humlazimisha msemaji kutaja pande zinazohusika, na hivyo humfungulia msikilizaji swali: zinapatana lini, na kwa utaratibu gani?

Neno hili lina faida nyingine kwa wasomaji wa Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari huifahamu dhana ya upatanisho wa kisarufi. Katika sentensi Kitabu kikubwa kimepotea, ngeli ya nomino hunakiliwa katika kivumishi na katika kitenzi, na hitilafu katika nakala moja huifanya sentensi nzima ikwame masikioni. Mwalimu anayetaka kueleza maana ya nakala zinazopaswa kusema jambo moja ana mfano ulio tayari vinywani mwa wanafunzi wake. Ni wazi kwamba mfano huo una kikomo: sarufi ya sentensi hufungwa katika kinywa kimoja, ilhali kompyuta za Kiriri na Zege ni vinywa viwili vilivyotenganishwa na milima.

Juu ya msingi huo, upambanuzi unaohitajika unaweza kuelezwa bila neno lolote la kigeni. Upatanifu wa papo hapo ni ahadi kwamba kila asomaye, popote alipo, ataona andiko la mwisho lililokubaliwa. Mfumo ukishindwa kuhakikisha hilo, utakataa kujibu. Upatanifu wa hatimaye ni ahadi kwamba maandishi mapya yakikoma na mawasiliano yakiwepo, nakala zote zitafikia hali moja, bila kutaja ni lini. Kati ya hizo upo upatanifu wa chanzo na tokeo, ambao huahidi kwamba hakuna atakayeona jibu kabla ya kuona swali lililolizaa. Ahadi hizi ni tatu, na zina gharama tatu. Hati inayozijumuisha katika neno moja humnyima mtunga sera nafasi ya kuchagua.

4.0 Funzo la Bunge la Paxos

Ili kuonesha kwamba lugha ya maelezo si pambo katika fani hii, inafaa kutazama andiko moja mashuhuri kwa jicho la uhakiki. Mwaka 1990 Leslie Lamport aliwasilisha makala yenye jina linalohusu bunge ambalo wajumbe wake hawahudhurii wakati wote. Ilichapishwa mwaka 1998. Ndani yake alijifanya mwanaakiolojia aliyegundua habari za bunge la kale katika kisiwa cha Ugiriki kiitwacho Paxos. Kila mbunge alikuwa na daftari lake, aliandika maazimio kwa wino usiofutika, na alikuwa na desturi ya kutoka ukumbini wakati wowote. Wajumbe waliopeleka ujumbe nao waliweza kuchelewa au kupotea. Swali lilikuwa namna ya kuhakikisha kwamba madaftari hayo hayapingani.

Kama kazi ya kubuni, andiko hilo ni la werevu. Kila kipengele cha hadithi kina mwenzake katika kompyuta: mbunge ni seva, daftari ni hifadhi, kutoka ukumbini ni kuzimika kwa mashine. Suluhisho lenyewe linategemea akidi ya wengi. Azimio halipiti mpaka zaidi ya nusu ya wabunge wamelikubali, na kwa kuwa makundi mawili yenye zaidi ya nusu hayawezi kukosa mtu wa pamoja, daima atakuwepo angalau mmoja anayekumbuka kilichoamuliwa awali.

Hata hivyo, hadithi iliwashinda wasomaji wengi. Lamport mwenyewe ameeleza kwamba wahakiki wa jarida walimtaka aiondoe, na mwaka 2001 aliandika maelezo mengine bila bunge wala kisiwa. Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa utaratibu mwingine, Raft, wakitangaza kwamba lengo lao kuu ni ueleweke. Waliwapima wanafunzi 43 juu ya taratibu zote mbili, na 33 kati yao walijibu vizuri zaidi maswali ya Raft. Matokeo hayo yanahusu mpangilio wa hoja kuliko msamiati, lakini yanathibitisha jambo ambalo watafiti wa lugha wamekuwa wakilidai: maelezo ni sehemu ya uhandisi, kwa kuwa anayejenga mfumo asioelewa atajenga kitu kingine.

Kosa la hadithi ya Paxos, kwa mtazamo wa uhakiki huu, halikuwa kutumia bunge. Lilikuwa kulifunika bunge kwa majina na mzaha wa Kigiriki ambavyo msomaji alilazimika kuvivuka kabla ya kulifikia wazo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji safari hiyo. Neno akidi analo, kutoka katika mikutano ya ushirika, ya shule na ya bunge, na anajua kwamba kikao kisicho na akidi hakiwezi kupitisha jambo. Katika mfano wa kampasi tatu, akidi ni nakala mbili. Kiriri na Mutanga zikikubaliana, andiko ni halali. Kesho Mutanga na Zege zikikutana, Mutanga itakuwa shahidi wa lililoandikwa jana. Kwa nakala tano akidi ni tatu, na mfumo unavumilia kupotea kwa mbili.

Burundi ina mfano wake wa jirani zaidi. Kwa desturi ya nchi hiyo, bashingantahe, wazee wanaoheshimiwa kwa uadilifu wao, husuluhisha migogoro na hushuhudia makubaliano, yakiwemo ya ardhi. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 uliitaja taasisi yao kuwa inayostahili kurejeshewa hadhi. Makubaliano ya ardhi yaliyoshuhudiwa na wazee kadhaa yametunzwa katika kumbukumbu kadhaa, ili kifo au safari ya mmoja isiyapoteze. Ulinganisho huu lakini usikazwe kupita kiasi. Bashingantahe hutafuta mwafaka na hupima haki. Akidi ya kompyuta huhesabu tu. Haiulizi kama kilichoandikwa ni kweli, bali kama kimeandikwa katika sehemu za kutosha. Anayeielezea akidi ya mashine kana kwamba ni hekima ya wazee ataiongezea hadhi isiyo nayo.

Aidha, hesabu hiyo ina matokeo ya kisiasa. Katika mfano wa kampasi tatu, kebo ya Gitega ikikatika, Kiriri na Mutanga zitaendelea na kazi kwa sababu zina akidi, na Zege ndiyo itakayosimama kila mara. Mahali pa kuweka nakala panaamua nani atahudumiwa siku ya tatizo. Uamuzi huo hufanywa mara nyingi na fundi kwa kufuata urahisi wa kebo, na mwenye mamlaka hajui kuwa umefanyika.

5.0 Saa za Kobero na Kabanga

Upungufu wa istilahi huonekana wazi zaidi panapohusika wakati. Burundi iko saa moja nyuma ya Tanzania. Katika kituo cha pamoja cha mpakani cha Kobero na Kabanga, saa ya ukutani ya upande mmoja haikubaliani na ya upande wa pili. Chukuliwe kuwa lori limeandikwa upande wa Kabanga saa nne na dakika 20 asubuhi, kisha kumbukumbu yake ikasahihishwa upande wa Kobero dakika 20 baadaye. Kwa saa ya Burundi, sahihisho hilo litakuwa limefanyika saa tatu na dakika 40. Mfumo unaofuata kanuni ya aliyeandika mwisho, na unaosoma saa bila kuzingatia eneo lake, utaliona sahihisho kuwa la kale na kulitupa.

Mfumo uliojengwa kwa uangalifu hutumia wakati mmoja wa kimataifa, kwa hiyo kosa hilo mahususi linaepukika. Tatizo la chini yake haliepukiki kwa urahisi huo, kwa sababu saa za kompyuta mbili hupishana hata zikiwa chumba kimoja. Lamport alilionesha hilo katika makala ya mwaka 1978, akipendekeza kwamba mpangilio wa matukio utegemee ni ujumbe upi uliotangulia kutumwa kabla ya upi kupokelewa, badala ya kutegemea saa. Dhana hiyo ndiyo inayobebwa na istilahi upatanifu wa chanzo na tokeo. Afisa wa forodha haulizi kwanza ni saa ngapi. Anauliza kama sahihisho liliandikwa na mtu aliyekwisha kuiona kumbukumbu ya awali. Neno usawazishaji haliwezi kuuliza swali hilo.

6.0 Mapingamizi

Pingamizi la kwanza linaweza kuwa kwamba istilahi nzuri ni fupi, na kwamba kuugawa upatanifu katika aina tatu kunamlemea msomaji. Jibu ni kwamba mzigo huo upo katika jambo lenyewe. Sheria ya Kiswahili haikuona taabu kutofautisha mkopo, amana na rehani, ingawa zote zinahusu mali ya mtu iliyo mkononi mwa mwingine, kwa sababu haki zinazotokana nazo zinatofautiana.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Neno patanifu tayari hutumika kueleza vifaa au programu zinazoweza kufanya kazi pamoja, na kulipa kazi ya pili kunaweza kuleta utata. Hatari hiyo ni ya kweli. Inaweza kupunguzwa kwa kutumia istilahi kamili, upatanifu wa nakala, kila inapotajwa mara ya kwanza katika hati. Utata unaotatuliwa kwa neno moja la nyongeza ni mdogo kuliko utata wa uthabiti, ambao hujificha.

Pingamizi la tatu linahusu nani aamue. Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania lilianzishwa mwaka 1967; Zanzibar ina baraza lake; Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ina makao yake Zanzibar; na vyuo vikuu vya eneo hili huunda maneno kila mwaka. Msamiati sanifu nao ni daftari lenye nakala nyingi, na historia ya maneno kompyuta, tarakilishi na ngamizi inaonesha kwamba nakala hizo zimewahi kutofautiana kwa muda mrefu. Kwa maneno ya kawaida hakuna madhara makubwa: watumiaji huzungumza, na hatimaye neno moja hushinda. Kwa maneno yanayobeba wajibu wa kisheria katika mikataba ya nchi wanachama, kungoja hatimaye ni gharama. Orodha fupi ya istilahi za mikataba ya data inapaswa kupitishwa kwa akidi ya vyombo hivyo, na isitumike katika hati za Jumuiya kabla ya hapo.

Burundi inastahili kiti katika akidi hiyo. Nchi hiyo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2007. Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha rasmi zilizotajwa katika sheria yake ya lugha ya mwaka 2014, ambazo ni Kirundi, Kifaransa na Kiingereza, lakini ni lugha ya siku zote katika mitaa ya Bujumbura kama Buyenzi na Bwiza. Fundi wa Bujumbura husoma miongozo kwa Kifaransa au Kiingereza, huwaelekeza wenzake kwa Kirundi au Kiswahili, na hukutana na mwenzake wa Tanzania mpakani kwa Kiswahili. Istilahi itakayoeleweka kwake imepita mtihani mgumu kuliko ule wa kamusi.

7.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kwamba uthabiti husema juu ya nakala moja palipohitajika kusemwa juu ya nyingi, na kwamba usawazishaji hutaja matokeo na kuficha aliyepoteza. Upatanifu wa nakala, ukifuatiwa na aina yake, na akidi, ikifuatiwa na idadi yake, huweka wazi kile ambacho mashine imeagizwa kufanya mtandao unapopasuka.

Kwa washauri wa sera, yafuatayo ni maswali manne ambayo hati yoyote ya mfumo wa data wenye nakala zaidi ya moja inapaswa kuyajibu kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kwanza, nakala ni ngapi, ziko wapi, na akidi yake ni ngapi? Pili, kila aina ya kumbukumbu imeahidiwa upatanifu upi: wa papo hapo, wa chanzo na tokeo, au wa hatimaye? Tatu, mawasiliano yakikatika, ofisi ipi itasimama na ipi itaendelea, na nani ameidhinisha mpango huo? Nne, nakala zikipatanishwa baada ya kutofautiana, andiko la nani litaondolewa, na je, mwenyewe ataarifiwa?

Swali la nne ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linalomgusa raia moja kwa moja. Mwanafunzi aliyesajiliwa Zege asubuhi ile kebo ilipokatika ana stakabadhi mkononi. Akifika wiki ijayo na kukuta jina lake halipo, haitoshi kumwambia kwamba data zilisawazishwa. Anapaswa kuambiwa, kwa lugha anayoielewa, kwamba kanuni ilikuwapo, ni ipi, na nani aliyeichagua.